Kwa nini akina Saint-Onge waliwahi kuitwa Gareau

Swali: Natoka Bukavu, naishi Sherbrooke, na mume wangu ni mzaliwa wa hapa Québec. Jina la ukoo wake ni Saint-Onge. Watoto wetu wameanza kuuliza asili yao. Upande wangu nawasimulia mwenyewe, lakini upande wa baba yao tumekwama. Tumefuata rekodi za ndoa hadi 1848, kisha hatuoni Saint-Onge hata mmoja katika parokia ile. Marehemu bibi yake alikuwa akisema, "Sisi kwa kweli ni akina Gareau," ila hakuna aliyeelewa. Tena ndugu wa babu yake waliohamia Massachusetts wameandikwa majina mengine kabisa. Je, tunaweza kufika hadi Ufaransa, au njia imekatika?

Jibu: Dada, njia haijakatika, na bibi ndiye aliyewaachia ufunguo. Mnamtafuta Saint-Onge katika kurasa ambazo padre aliandika Gareau, au Garau, au Garo, au mkibahatika, jina zima: Gareau dit Saint-Onge. Neno hilo dogo dit, yaani "aitwaye" (kwa mwanamke huandikwa dite), limewakwamisha watu wengi wanaotafuta nasaba za Wakanada wa asili ya Kifaransa. Kinacholifuata ni lakabu. Tofauti na lakabu tulizozoea, hii ilirithiwa. Baba akiwa Gareau dit Saint-Onge, mtoto mmoja angeweza kufunga ndoa kwa jina la Gareau, ndugu yake kwa jina la Saint-Onge, na wa tatu kwa majina yote mawili, na padre yuleyule akaandika yote matatu bila kuona kosa lolote. Katika karne ya 19 kila tawi likazoea kushika jina moja na kuliacha la pili. Kwa maneno ya bibi, tawi la mume wako lilishika lakabu.

Lakabu yenyewe ina habari ndani yake. Hakuna mtakatifu aitwaye Onge. Saintonge ni jimbo la zamani la magharibi mwa Ufaransa, jirani na La Rochelle, na mtu aliyetoka huko aliitwa kwa jina la kwao, kama watu wa mashariki ya Kongo wanavyoitwa Waswahili wakifika Kinshasa, wawe wa kabila lolote. Baadaye makarani walilikata neno vipande viwili, wakatia kistari katikati, nalo likaonekana la kitakatifu. Langevin vilevile ni mtu wa Anjou, na Poitevin ni wa Poitou. Lakabu nyingine zilitoka jeshini. Kikosi cha Carignan-Salières kilifika Québec mwaka 1665 kikiwa na askari wapatao 1,200, na takriban 400 kati yao wakabaki na kuoa. Askari alikuwa na jina lake la vitani: Lafleur ni ua, Sansregret ni asiyejuta, Tranchemontagne ni mkata mlima. Nyingine zilitokana na ardhi, kama Miville dit Deschênes, wa penye mialoni, au Roy dit Desjardins, wa bustanini. Wahamiaji walikuwa wachache (sensa ya Jean Talon, msimamizi wa koloni, ya mwaka 1666 ilihesabu watu 3,215, askari wakiwa nje ya hesabu) na majina ya ubatizo yalikuwa yaleyale, kwa hiyo lakabu ilisaidia kumtofautisha Jean Roy huyu na Jean Roy yule.

Hapo ndipo penye hatari. Lakabu moja huweza kuwa ya koo nyingi zisizohusiana hata kidogo. Akina Lafleur wametoka kwa askari wengi tofauti. Hata Saint-Onge, mbali na akina Gareau, kuna akina Payan dit Saint-Onge na wengine, kwa sababu jimbo lile lilitoa wahamiaji wengi. Kwa hiyo neno la bibi lichukueni kama kielekezi, kisha mlithibitishe kwa maandishi. Msifanye kosa la kuruka moja kwa moja kwa Gareau wa kwanza mnayemkuta kwenye intaneti na kujishonea juu yake.

Kinga ni kufuata jozi ya wazazi, wala si jina. Jina la ukoo hubadilika, lakini ndoa ya mume fulani na mke fulani haibadiliki. Na hapa Québec imebahatika. Kwa desturi ya Kifaransa mwanamke huandikwa kwa jina la ukoo alilozaliwa nalo tangu ubatizo hadi kaburi, hata akiolewa mara tatu. Mume akibadilika kutoka Gareau kuwa Saint-Onge, jina la mke hubaki palepale kama nguzo.

Basi fanyeni hivi na ile ndoa ya 1848. Kwanza tafuteni picha ya ukurasa wenyewe, msiridhike na orodha iliyochapwa, maana wanaotengeneza orodha mara nyingi huandika jina moja tu na kuacha dit pembeni. Rekodi ya ndoa ya Kikatoliki ya Québec, kwa watu wanaooa mara ya kwanza, hutaja baba na mama wa pande zote mbili, na mama kwa jina lake la kuzaliwa. Tuseme, kwa mfano tu, mama wa bwana harusi ni Marie Favreau. Sasa tafuteni ndoa ya huyo Marie Favreau kati ya mwaka 1800 na 1830, na kwa upande wa mume jazeni jina lake la ubatizo peke yake, sehemu ya jina la ukoo mwiache tupu. Akitokea kama mke wa Gareau, mmevuka. Kisha hakikisheni kwa ubatizo wa bwana harusi na wa ndugu zake wote. Kati ya watoto wanane au kumi, ni kawaida mmoja kuandikwa Gareau, mwingine Saint-Onge, na mwingine kwa majina yote mawili, na huyo wa mwisho ndiye shahidi wenu.

Msibaki katika parokia ileile. Parokia nyingi za upande wenu wa Cantons-de-l'Est ni changa. Wakatoliki Wafaransa walihamia huko kwa wingi katika karne ya 19 kutoka vijiji vya zamani vya kandokando ya mto Saint-Laurent na Richelieu. Familia inayoonekana ghafla mwaka 1848 huenda ilikuwa imewasili juzi tu. Kwenye rekodi tafuteni maneno "ci-devant de la paroisse de", yaani aliyekuwa wa parokia fulani hapo kabla. Maneno hayo matano huweza kuwapunguzia miezi ya kutafuta.

Kusoma rekodi zenyewe si kugumu kama kunavyoonekana, kwa kuwa maneno ya padre karibu hayabadiliki. Atataja tarehe, atataja matangazo ya ndoa yaliyosomwa Jumapili tatu, kisha jina la bwana harusi, "fils majeur" au "fils mineur" wa fulani. Majeur maana yake ametimiza umri wa utu uzima, ambao ulikuwa miaka 25 enzi za Wafaransa na baadaye ukashushwa kuwa 21, kwa hiyo neno moja linawapa umri wa chini kabisa. "Feu", "feue" au "défunt" mbele ya jina la mzazi maana yake ni marehemu, basi mazishi yake yatafuteni kabla ya tarehe hiyo. Mwisho wataorodheshwa mashahidi, ambao mara nyingi ni baba, kaka, shemeji na wajomba, na uhusiano wao hutajwa.

Miezi huwapotosha wengi. Mkiona 7bre msidhani ni Julai. Ni septembre, Septemba, kwa sababu sept ni saba. 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, na Xbre au 10bre ni Desemba. Kosa hili limejaa katika miti ya ukoo iliyo mtandaoni, na dalili yake ni mtoto "aliyebatizwa" miezi miwili kabla ya kuzaliwa.

Bwana au bibi harusi akiwa mjane, padre kwa kawaida huandika "veuf de" au "veuve de" na jina la marehemu, kisha haandiki wazazi. Wengi hukwama hapo bila sababu. Rudini kwenye ndoa yake ya kwanza, wazazi wamo humo.

Kuna sentensi moja ninayoipenda kuliko zote, nayo watu huiruka kwa kuwa inaonekana ya kisheria tu: ruhusa ya Kanisa kwa ndugu wanaooana. Kiswahili kinatusaidia kuielewa haraka. "Deuxième degré" ni wajukuu wa jozi moja. "Troisième degré" ni vitukuu wa jozi moja. "Quatrième degré" ni vilembwe. Ikiandikwa "du troisième au quatrième degré", mmoja wa maharusi ni kitukuu na mwenzake ni kilembwe wa watu walewale. Ikiwa mmeshajenga upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi una mashaka, hesabuni ngazi hizo: jozi ya pamoja isipotokea mahali inapotakiwa, mmeunga ukoo usio wenu. Ila angalieni neno "affinité". Hilo ni la ukwe, kwa mfano mjane anayeoa ndugu wa marehemu mkewe, si la damu.

Kwenye ubatizo kuna mitego mingine. Siku ya kuzaliwa huandikwa kwa kuhesabu nyuma: "né la veille" amezaliwa jana yake, "né l'avant-veille" juzi yake. "Ondoyé" ni mtoto aliyebatizwa nyumbani kwa dharura, na baadaye akapelekwa kanisani, hivyo msishangae kuona jina lake limekosekana mara ya kwanza. Mtoto akifa, anayefuata mara nyingi hupewa jina lilelile, kwa hiyo Pierre aliyebatizwa 1819 anaweza kuwa si Pierre aliyeoa 1848. Angalieni mazishi ya watoto kabla ya kuamua. Katika karne ya 19 na ya 20 kukazuka desturi ya kumpa kila mvulana jina la Joseph mbele na kila msichana Marie, kisha jina la baba au mama wa ubatizo, na mwisho jina lake halisi la kuitwa. Joseph Alphonse Napoléon aliitwa Napoléon nyumbani, na sensa ikamwandika hivyo. Anayemtafuta Joseph hatampata.

Tahajia isiwatishe. Watu wengi hawakujua kusoma, na rekodi husema wazi "ont déclaré ne savoir signer". Padre aliandika alichosikia. Herufi za mwisho hazitamkwi, kwa hiyo -eau, -ault, -aud na -o ni sauti moja. Wakati mwingine hata mwanzo wa jina hubadilika: ukoo wa Guyon, ulioletwa na Jean Guyon kutoka jimbo la Perche miaka ya 1630, ndio uliozaa akina Dion wengi wa leo. Somo la vitendo ni kulitamka jina kwa sauti kabla ya kulichapa kwenye kisanduku cha kutafutia.

Nyaraka zenyewe zipo kwa wingi usio wa kawaida. Tangu 1679 kila parokia ilitakiwa kuandika rekodi nakala mbili, moja ya kanisa na moja ya mahakama, na hadi mwisho wa 1993 madaftari ya makanisa ndiyo yaliyokuwa rekodi za serikali pia. Kanisa likiungua, nakala ya pili ilibaki. Picha za madaftari ya Kikatoliki ya Québec mtazipata bure kwenye tovuti ya FamilySearch, kwa kufungua akaunti tu. Mkusanyiko wa Drouin, uliopigwa filamu miaka ya 1940, upo kwenye tovuti za kulipia na ni rahisi zaidi kutafutia. Kwa miaka ya kabla ya 1850, kilicho bora ni PRDH, mradi wa Université de Montréal ulioanza 1966. Wao wameunganisha ubatizo, ndoa na mazishi ya kila mtu, na wamekusanya tahajia zote chini ya jina moja la kawaida, hivyo Garo na Garault hutokea pamoja. Ni huduma ya kulipia, lakini kwa tatizo lenu hasa inastahili. Kamusi ya nasaba ya padre Cyprien Tanguay, iliyotoka kati ya 1871 na 1890, ni bure na inavutia, ila ina makosa mengi yaliyosahihishwa baadaye. Itumieni kama ramani ya mkono tu.

Kanisa likinyamaza, nendeni kwa mthibitishaji wa mikataba, notaire. Kabla ya harusi maharusi wengi walifunga mkataba wa mali mbele yake, mara nyingi siku chache tu kabla, na humo wazazi hutajwa hata pale padre alipowasahau. Kilicho na utajiri zaidi ni kile kilichofuata kifo. Mzazi mmoja akifa na kuacha watoto wadogo, ndugu na marafiki saba waliitwa kuchagua mlezi, na karatasi hiyo (tafuteni neno tutelle) huwataja watoto kwa majina na umri, na kwa kila mjumbe hueleza kama ni baba mdogo, mjomba au binamu. Orodha ya mali ya marehemu nayo huhesabu mpaka sufuria na ng'ombe. Nyingi ya hizi zimewekwa bure kwenye tovuti ya BAnQ, maktaba na hifadhi ya taifa ya Québec. Unahitaji jina la notaire na tarehe. Anza na faharasa yake, kisha shuka kwenye mkataba wenyewe.

Sasa wale wa Massachusetts. Kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 walitoka Québec kwenda Marekani, wengi wao kwenye viwanda vya nguo vya Lowell, Holyoke, Fall River, Manchester na Woonsocket. Huko majina yalipatwa na mambo mawili. Ama yalitafsiriwa: Boisvert, mti wa kijani, akawa Greenwood, Roy akawa King, Courtemanche, mkono mfupi wa shati, akawa Shortsleeve. Ama yaliandikwa kama yalivyosikika kwa sikio la Kiingereza: Thibault akawa Tebo, Benoît akawa Benway, na Gareau aliweza kuwa Garrow. Pia huko mwanamke alichukua jina la mumewe, na ile nguzo yenu inaanguka. Sensa ya Marekani ya 1890 nayo karibu yote ilipotea kutokana na moto wa 1921, kwa hiyo kuna pengo la miaka 20 kati ya 1880 na 1900. Njia fupi ni kuacha sensa na kutafuta ndoa yao katika parokia ya Wafaransa ya mji huo. Padre alikuwa mara nyingi mtu wa Québec, aliandika kwa mtindo uleule, na wazazi wamo.

Mkishaunganika na akina Gareau, safari iliyobaki ni nyepesi kuliko mliyoimaliza. Ukoo mkubwa wa jina hilo unaanzia kwa Jean Gareau dit Saint-Onge, mtu wa La Rochelle, aliyefunga ndoa Boucherville mwaka 1670 na Anne Talbot. Huyo mama alikuwa mmoja wa Filles du Roi, wanawake wapatao 770 waliosafirishwa kwa gharama ya mfalme kati ya 1663 na 1673 ili koloni lipate familia. Ndoa za kizazi hicho hutaja parokia na jimbo walikotoka Ufaransa. Kwa La Rochelle, madaftari yapo bure kwenye tovuti ya hifadhi ya mkoa wa Charente-Maritime, na someni ya Wakatoliki pamoja na ya Waprotestanti, kwa kuwa mji ule ulikuwa ngome ya Waprotestanti hadi ulipozingirwa mwaka 1627 na 1628. Kabla ya kuanza kurasa hizo, fungueni orodha ya bure iitwayo Fichier Origine. Humo wamewekwa wahamiaji ambao ubatizo wao umeshapatikana Ulaya, na huenda kazi imekwisha kufanywa.

Katika mti wenu andikeni kila mtu kwa jina moja kamili, Gareau dit Saint-Onge, na chini yake tahajia ilivyo kwenye rekodi, parokia, tarehe na namba ya picha. Msinunue ngao ya ukoo, yaani nembo ya familia, kwa mtu yeyote. Wakulima na askari hawa hawakuwa na ngao.

Na lile ulilosema, kwamba upande wako unawasimulia mwenyewe: liandike pia. Mwaka 1972 Zaire ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, wazee wako waliobatizwa walianza kuitwa jina moja kanisani na jingine kwenye kitambulisho. Anayetafuta miaka mia ijayo atakwama palepale mlipokwama na Saint-Onge. Kwa kila mzee andika jina la kabla ya 1972 na la baada yake, kijiji, na parokia aliyobatizwa, muda huu ambao bado kuna mtu wa kumpigia simu na kumuuliza.